Hatua Mia na Kumi

Nkende, Tarime
9 Februari 2025

Kwa Baba mdogo Luhaga,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na mgongo wako umetulia. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu sana. Presha yake imeshuka tangu ahamie kwangu, ingawa kila asubuhi ananiambia kwamba Nkende kuna vumbi la pikipiki, na vumbi la Nyakunguru lilikuwa na heshima zaidi. Mwanangu Huruma yuko darasa la pili. Ameota meno mawili makubwa ya mbele na kila anayemwona anasema kayatoa kwako, kwa hiyo ukija utapata wa kufanana naye. Duka langu la vipuri linaenda.

Naandika kwa sababu simu hupokei. Nimepiga tangu Novemba. Inaita, inaita, mwisho yule dada wa mtandao anaanza kunieleza mambo ninayoyajua. Nikasema sawa, simu anaweza kuiacha iite, lakini barua akishaishika ataisoma tu. Nimempa Nashoni, kondakta wa basi la Mugumu, na nimemkataza kuiacha getini. Akukabidhi mkononi.

Habari kubwa ni kwamba timu yetu ya Mwamba imehama. Tulipopanda ligi ya mkoa, wakaguzi walikuja Nyakunguru kuangalia kiwanja chetu. Wakaona hakina uzio, hakina vyumba vya kubadilishia nguo, na nyuma ya goli la mlimani kuna mashimo ya wachimbaji. Hata dakika kumi hawakukaa. Wakatuambia tutafute nyumbani kwingine, ndipo tukapewa uwanja mpya hapa Nkende. Baba mdogo, ungeuona! Una ukuta pande zote, una jukwaa lenye paa, una bomba la maji. Una mita mia moja kwa sitini na tano, mafundi wamepima kwa futi mpaka sentimita ya mwisho. Siku ya kwanza Mama alivaa kitenge kipya akakaa jukwaani tangu saa nne asubuhi, na mechi ilikuwa saa kumi.

Sasa tatizo. Tumecheza mechi nne nyumbani. Tumefungwa tatu, tukatoka sare moja. Sisi! Sisi ambao Nyakunguru hatukufungwa miaka tisa. Ugenini tulizoea kufungwa, tukawa tunawalaumu waamuzi, lakini nyumbani kulikuwa nyumbani. Leo tunacheza kwetu kama wageni. Mogesi, winga wetu wa kulia, yule wa kwa Boke muuza ndizi, anakimbia vizuri kabisa, anamwacha beki, akiinua mguu apige krosi mpira umeshatoka nje. Mara tano, mara sita kwa mechi moja. Mechi iliyopita alinijia mapumziko machozi yanamlenga: “Kocha, ule mstari unanifuata.” Na Vicent golini anafungwa magoli ya upande uleule, mpaka mashabiki wameanza kumwita mlango wazi.

Mwenyekiti wetu Oduol, si unajua yeye ni mtu wa Sirari, ameshatoa hukumu. “Hii uwanja iko na kitu, Hilaria. Si bure.” Wazee wa klabu wakakaa, wakaamua uchotwe udongo wa kiwanja cha zamani uje umwagwe hapa, ili uwanja mpya utujue. Na wakasema lazima uchotwe na mwanzilishi. Waanzilishi mlikuwa wawili, wewe na Baba. Baba hayupo. Umebaki wewe.

Mambo ya udongo mimi siyaamini sana, unanijua. Lakini nakuomba uje tarehe 6 Aprili, siku waliyoipanga. Ni miaka mitano tangu tumzike Baba, na hujakanyaga huku. Hata siku ya kuweka msalaba wa saruji hukuja. Sikuulizi kwa nini. Nakuomba tu uje.

Mwanao,
Hilaria Faustine


Ikoma, Serengeti
16 Machi 2025

Mwanangu Hilaria,

Marahaba. Barua yako ilifika zamani, nisamehe kwa kuchelewa. Ilifika inanuka dagaa, maana Nashoni aliipakia pamoja na mzigo wa mtu. Nafurahi kusikia mama yako ana nguvu ya kulalamika. Juliana akinyamaza ndipo tuogope. Huruma mwambie meno hayo ni mali, asione aibu. Mimi nimekula nayo mahindi ya kuchoma miaka hamsini na minane.

Huku kambini nipo, bado natunza bustani. Kazi ni nyingi. Ngiri wanakuja kila asubuhi, wanapiga magoti kama wako kanisani, halafu wanafukua majani yangu niliyopanda kwa shida. Wageni wanawapiga picha, wananipiga na mimi nikiwafukuza. Kwa hiyo baba yako mdogo yuko kwenye picha huko Ulaya akiwa ameshika fagio. Nimepanda ua wa miti mifupi, mita arobaini, umenyooka vizuri sana. Siku hizi sipimi kitu kwa miguu. Nina kamba na futi, na meneja ananicheka kwamba hata mchicha naupimia nafasi.

Hongereni kwa uwanja mpya. Kuwa na ukuta ni jambo kubwa. Wewe kuwa kocha wa wanaume, na wakakusikiliza, ni jambo kubwa zaidi. Baba yako angetembea kifua mbele mpaka watu wamchoke.

Umeandika kwamba uwanja una mita mia moja. Basi mwambie Mogesi hivi: akifika pale anapoona ndipo pa kupigia krosi, awe ameshaipiga hatua saba nyuma. Saba. Na Vicent akisimama golini asogee hatua moja kulia kwake, kila mara, hata kama moyo unamkatalia.

Kuja tarehe 6 sitaweza. Msimu wa wageni umekaribia na ruhusa ni ngumu. Halafu huo udongo uacheni ulipo. Udongo hauna kosa.

Wasalimie wote.

Baba yako mdogo,
Luhaga


Nkende, Tarime
23 Machi 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Hatujambo, ila Huruma alipata malaria, sasa amepona na anadai soda kila siku kama dawa. Mama anauliza kama unakula vizuri.

Sitazunguka. Jana tulicheza nyumbani. Sikumwambia mtu kwamba ushauri umetoka kwako. Nilimwambia Mogesi apige krosi hatua saba kabla ya mahali pake. Akaniangalia kama nimechanganyikiwa. Kipindi cha kwanza alikataa kwa miguu, kipindi cha pili akajaribu mara moja, mpira ukaenda moja kwa moja kichwani kwa mshambuliaji, goli. Vicent alisogea kulia kwake akadaka mpira ambao wiki iliyopita ungemfunga. Tumetoka moja kwa moja. Sare tu, lakini watu waliimba mpaka stendi.

Sasa niambie. Huu uwanja hujawahi kuuona. Mogesi hujamwona akicheza tangu awe mtu mzima. Umejuaje saba? Kwa nini siyo tano, kwa nini siyo kumi? Nimekaa na barua yako usiku na mchana. Umemsalimu kila mtu, umenipa na dawa ya timu, halafu ukaniambia udongo hauna kosa. Basi nani ana kosa?

Mimi binafsi nipo, kazi inaendelea, usiwe na wasiwasi na mimi. Zimebaki mechi chache. Njoo.

Hilaria


Ikoma
2 Aprili 2025

Mwanangu Hilaria,

Marahaba. Nimefurahi kwa ile sare. Nashoni anakuletea asali chupa mbili, moja ya mama yako. Mvua huku imeanza vizuri, majani yanakua kuliko nguvu zangu. Mwambie Vicent aendelee kusogea.

Kuja sitaweza.

Luhaga


Ikoma
27 Aprili 2025

Mwanangu Hilaria,

Nimengoja barua yako wiki tatu, haikuja. Nikajua umenikasirikia, na ni haki yako. Naanza na salamu hata hivyo. Msalimie mama yako, msalimie Huruma. Mimi ni mzima. Pundamilia wameingia bustanini, wamekula maua yote ya mbele ya mapokezi, nimepewa maneno na meneja, yamekwisha.

Jana Nashoni aliniambia ambacho wewe hukuandika. Kwamba wanachama walikaa, kwamba kuna waliosema tangu mwanzo mwanamke hawezi kukaa benchi, na sasa wamepata sababu. Kwamba wamekupa mechi moja, ya tarehe 25 Mei na vijana wa Musoma, na usiposhinda unakabidhi filimbi. Na wewe ukaniandikia kwamba kazi inaendelea. Umefanana na baba yako, mnaficha kidonda mpaka kinanuka. Lakini mimi wa kusema hivyo nitakuwa kichekesho, kwa sababu ya hili ninalokuandikia. Kwenye simu ningeropoka au ningelia. Ndiyo maana sipokei.

Mwaka 2004, mimi na baba yako tulikuwa hatuna hata mwaka tangu tutoke Misungwi kuja kuchimba. Jumapili moja tulitoka kwenye duara letu la dhahabu, bado tuna matope ya shimoni kichwani, tukasema tupime kiwanja. Futi hatukuwa nayo. Faustine akasema, kila mtu ashike upande wake, hatua mia na kumi, tukutane kona za mlimani. Tukaanza pamoja chini. Yeye alishika upande wa kushoto, mimi wa kulia. Tukahesabu kwa sauti, mpaka wachimbaji wakatucheka. Tulipofika tukapiga vigingi, tukafunga kamba kutoka kigingi chake mpaka changu, tukanyunyiza jivu. Hapo ndipo tuliposimamisha goli la mlimani.

Hilaria, unamkumbuka baba yako alivyokuwa mfupi. Na mimi unanijua, milango naipita nimeinama. Tulikuwa ndugu wa tumbo moja, tumekula sahani moja, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba hatua zetu si sawa.

Mwaka uliofuata alipita mpima ardhi, alikuwa anapima mipaka ya mashamba. Akakaa kunywa soda akitazama mazoezi, kisha akasimama, akatoa futi yake bila kusema kitu. Upande wa baba yako, mita tisini na tisa. Upande wangu, mia moja na saba. Alicheka mpaka akakaa chini. Lile goli lilikuwa limekaa upande, linatazama winga yetu ya kulia kama mtu anayemngoja mgeni. Mteremko ndio uliokuwa unaficha. Ndiyo maana kila msimu tulikuwa tunachagua kushambulia mlimani kipindi cha pili. Tulidhani ni bahati, kumbe ni miguu yangu. Mogesi na Vicent wamekulia pale, hawajui kiwanja kingine. Mia na saba toa mia, unapata saba. Nimejua hivyo.

Siku ya kwanza hatukukusudia. Siku ya pili mimi nilikusudia. Faustine alisema tunyooshe kesho yake. Mimi nikasema, tunashinda, funga mdomo, tutanyoosha msimu ujao. Kila mwaka akaniuliza, kila mwaka nikamwambia msimu ujao. Ile miaka tisa mnayojivunia, mimi ndiye niliyekuwa nachora mistari kila Jumamosi nikijua.

Januari ile alipokuwa kitandani aliniita. Akasema, “Luhaga, kinyooshe kile kiwanja kabla sijaenda.” Nikamjibu kwamba tukikinyoosha vijana watafungwa, na yeye anaumwa, je, anataka kusikia wamefungwa? Aligeukia ukutani. Baada ya siku nane akafa.

Baada ya mazishi nilichukua ndoo ya jivu niende kuchora, maana Jumamosi kulikuwa na mechi. Nilichora chini, nikachora katikati. Nilipofika mlimani sikuchora. Niliiacha ndoo palepale. Wiki iliyofuata nikaja huku, na tangu siku hiyo sipimi kitu kwa hatua.

Sasa unajua. Watangazie kama unataka. Useme ni Luhaga, usimtaje baba yako, yeye alitaka kunyoosha. Uwanja wenu mpya hauna shida yoyote. Ni sisi tuliowafundisha kwenye uliopinda.

Luhaga


Nkende, Tarime
11 Mei 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikasirika siku tatu nzima. Naliandika wazi ili lisibaki kati yetu. Nilikasirika kwamba nimesimama benchi miezi yote hii nikiwatukana vijana kwa kosa ambalo si lao. Nilikasirika kwamba uliniacha nimzike Baba halafu nikupoteze na wewe, kwa sababu ya mstari wa jivu. Siku ya nne nilimsomea Mama barua yako.

Alicheka, Baba mdogo. Alicheka mpaka akashika mbavu, na sijamsikia akicheka hivyo tangu msiba. Akasema, “Siku ile nani alibeba vigingi? Si mimi? Niliwaona wanavyotembea, mmoja twiga na mwingine bata. Nikajua hawatafika pamoja.” Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema hakuna aliyemuuliza. Miaka ishirini na moja! Familia hii ukiwa na kiu unaweza kufa na watu wameshika ndoo.

Jumamosi niliwapakia vijana wote kwenye lori la mchanga, tukaenda Nyakunguru na futi ya fundi. Nilimpa Mogesi ashike mwisho mmoja. Tisini na tisa. Mia na saba. Akapima tena. Kisha akasimama pale kona yake akaangalia goli, akainamisha kichwa upande mmoja, akapiga kelele, “Vicent, mura, njoo uone! Limepinda! Maisha yetu yote goli limepinda!” Wakaanza kukimbia, kupiga krosi, kuanguka, wanacheka kama watu waliolewa. Hakuna aliyekasirika. Nadhani kila mmoja alikuwa kimoyomoyo anadhani amerogwa au ameisha, na sasa amejua kwamba miguu yake haina ugonjwa. Mimi nilikaa juu ya jiwe nikalia kidogo. Ndoo yako bado ipo, imetoboka.

Jioni yake nilisimama mbele ya wanachama nikasema yote, na jina la Baba sikulificha, kwa sababu nusu ya hatua zile zilikuwa zake. Mmoja akasema tuupinde na uwanja mpya vilevile, kimyakimya. Wengine wakaanza kutikisa vichwa kukubali, nikaona hapa nisipowahi nitakuwa kocha wa wahuni. Nilifungua kitabu cha sheria za mpira nikawasomea. Lazima uwanja uwe na kona nne zilizonyooka. Lakini urefu, Baba mdogo, urefu unaruhusiwa kuwa kati ya mita tisini na mia na ishirini. Mwenye nyumba anachagua.

Nimechagua tisini na tisa, upande wa Baba. Pande zote mbili, zimenyooka, halali mbele ya mwamuzi yeyote. Ni kupunguza mita moja tu na kuhamisha goli moja. Udongo hatuuchukui. Tunachukua urefu. Oduol alifikiri, akasema, “Hiyo sasa iko sawa. Hiyo hata Mungu anaweza kuona.” Wakakubali. Lakini mechi yangu ya tarehe 25 imebaki palepale, wameniongezea heshima tu, siku hawajaongeza. Ni kweli, nilikuficha. Sikutaka uje kwa kunihurumia.

Sasa kuhusu Baba na ukuta. Mimi nilikuwepo chumbani. Wewe ulikuwa umekaa miguuni, hukuniona, nilikuwa nakunja nguo. Hakukugeuzia mgongo. Ubavu ulikuwa unamuuma, na kila jioni saa ile aligeukia ukutani, hata padri alipokuja. Ulipotoka aliniuliza kama umekula. Nikasema hujala. Akaniambia nikukimbilie na viazi, nikakukuta umeshaondoka. Hilo ndilo neno lake la mwisho ninalolijua kuhusu wewe.

Njoo tarehe 23. Njoo na kamba yako na futi. Hakuna mwingine nitakayemruhusu achore.

Mwanao,
Hilaria

Baada ya kusaini: Mama anasema usije mikono mitupu, ile asali imekwisha.


Ikoma
15 Mei 2025

Mwanangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara nyingi, hasa pale kwenye viazi. Miaka mitano nimelala na ule ukuta. Sijui nikushukuru vipi. Wabeja, mwanangu, wabeja sana.

Meneja amenipa siku nne. Nashoni ameniwekea siti ya mbele ili miguu ipate nafasi. Nunua chokaa mifuko mitatu, jivu tuliache kwa mboga. Andaa vigingi nane na nyundo. Nimejifunza kwa mafundi wa huku namna ya kupata kona iliyonyooka kwa kamba: mita tatu upande huu, nne upande ule, tano za kuunganisha ncha zake. Haikosei. Laiti tungeijua wakati ule.

Luhaga


Ikoma
8 Juni 2025

Mwanangu Hilaria,

Nimefika salama. Simu nimeiwasha, na jana nilimpigia Huruma tukaongea habari za meno. Lakini lililobaki nimeona niliandike, maana kwenu kulikuwa na kelele na pilau na Oduol anahutubia, sikupata nafasi.

Nyumbu wameanza kupita. Wamejaa kutoka getini mpaka nyuma ya jiko. Wamekula majani yote, na meneja amekubali kwamba hakuna bustani mwezi huu. Kwa hiyo nimekaa, nina muda.

Lile goli la pili sikuliona. Nakuambia ukweli, nisije nikaanza tena kuficha. Mogesi alipoondoka na mpira nilikuwa naangalia mstari, naomba asiufikie. Nikaona amepiga mapema, nikafumba macho, nikasikia tu jukwaa linatetemeka na mama yako ananipiga mgongoni kwa mkoba. Mbili kwa moja. Nilipofumbua macho nilikuona umesimama pale benchi hujaruka, hujapiga kelele, umeshika kichwa kwa mikono miwili. Hivyo ndivyo baba yako alivyokuwa anashangilia. Nilitaka kushuka nikuambie. Wale waliotaka filimbi yako ndio walikuwa wa kwanza kukubeba. Acha wakubebe. Wewe usisahau tu walikuwa akina nani.

Sasa hili ndilo nililotaka kuandika. Jumapili ile asubuhi, kabla mlinzi hajafungua geti la mashabiki, niliingia peke yangu. Chokaa ilikuwa imekauka vizuri, mistari inang'aa. Nikasimama kona ya kushoto, upande alioshika Faustine. Miaka mitano nilikuwa sijahesabu hatua. Nikatembea kwa miguu yangu mpaka kibendera cha mwisho. Mia moja na mbili. Nikasema sawa, ndivyo nilivyo.

Nikarudi mwanzo. Nikajaribu kutembea kama yeye. Unamkumbuka? Hatua fupi, mguu wa kushoto unatupwa nje kidogo, mikono nyuma. Nilijisikia mjinga, mzee wa miaka hamsini na minane anaigiza marehemu uwanjani. Lakini nikaendelea, nikahesabu kwa sauti kama siku ile. Themanini. Tisini. Mia. Nikaanza kuogopa kwamba sitaiweza, kwamba nimeisahau miguu yake. Mia na nane, mia na tisa.

Ya mia na kumi ilikanyaga chokaa, kwenye kona kabisa, na nikasimama pale nikimngoja afike upande wa pili.

Baba yako mdogo,
Luhaga